Minyoo ndani ya utumbo wa kuku na ndani ya yai: nyama na mayai haya yanaliwa?

Mama mfugaji, Katuba

Ndugu wafugaji, wataalamu wa mifugo na ninyi nyote mnaosoma hapa, nawasalimu kwa heshima. Ninafuga kuku wa mayai uani kwangu hapa Katuba, Lubumbashi, na pamoja nao nina kuku wachache wa kijijini ambao hushinda wakiparua uwanja mzima na jioni hurudi kulala katika banda lilelile. Hivi karibuni tulichinja wawili kati ya hao wa kijijini kwa ajili ya wageni. Binti yangu alipopasua utumbo ili ausafishe, alikuta minyoo mirefu, myeupe inayoelekea umanjano, mingine ikifikia urefu wa kidole cha kati, nayo ilikuwa imesokotana kiasi kwamba katika sehemu moja utumbo ulikuwa umevimba na kuwa mgumu ukiushika. Kuku hao hawakuwa wameonyesha ugonjwa wowote, ila mmoja wao alikuwa amekonda kifuani hata mfupa wa kidari ulihisika mara tu ulipomshika.

Siku chache baadaye jirani ambaye hununua mayai kwangu alikuja na bakuli mkononi. Alikuwa amevunja yai ili alikaange, na ndani ya ute alikuta mnyoo mmoja unaofanana kabisa na ile tuliyoiona sisi. Hakunigombeza, lakini niliona wazi kwamba amechukizwa na pia ameogopa, kwa sababu ana mimba ya miezi minne na amekwisha kula mayai yangu kwa muda mrefu.

Naomba kujua mambo haya. Nyama ya kuku mwenye minyoo ya namna hiyo inaweza kumwambukiza mtu? Mayai ya kuku wengine niendelee kuyauza au niyatupe? Muuzaji mmoja wa dawa sokoni alinipa unga katika kifuko cha plastiki kisicho na maandishi yoyote, akaniambia niuchanganye na maji ya kunywa ya kuku kwa siku tatu. Bado sijautumia, kwa maana sijui ni dawa gani na sijui mayai yatakuwaje baada ya hapo. Nawashukuru mtakaonijibu.

Mfugaji wa Ruashi

Pole sana, mama. Mimi kwa upande wangu ningewatupa wote waliolala katika banda hilo, kwa sababu kuku akishakuwa na minyoo damu yake yote inakuwa imechafuka. Kama hutaki kuwatupa, basi nyama ioshwe kwa ndimu na maji ya javeli (dawa ya kung'arisha nguo) kidogo, na banda lote limwagiwe javeli. Wenzangu wengi hapa huwapa kuku wanaohara vidonge vya metronidazoli vya watu, wanavisaga na kuviweka katika maji, na kuhara kunakoma. Nadhani unaweza kujaribu hilo kabla ya kutumia unga usiojulikana.

Daktari wa mifugo, Kampemba

Mama, asante kwa kueleza kwa undani namna hiyo, kwa sababu maelezo yako yanatosha kunipa jibu la kwanza. Nami namshukuru ndugu wa Ruashi kwa moyo wake wa kusaidia, lakini nitaomba anisikilize, kwa kuwa katika ushauri wake yapo mambo matatu ambayo yangeleta hatari kubwa kuliko minyoo yenyewe.

Minyoo mirefu, myeupe na ya mviringo, inayoishi ndani ya utumbo mwembamba na kufikia urefu wa kidole, ni karibu bila shaka ile ambayo kitaalamu inaitwa Ascaridia galli. Jike lake linaweza kufikia sentimita 12. Hutaga mayai mengi ambayo hutoka na kinyesi, na mayai hayo yakikaa katika unyevu na joto kwa muda wa wiki mbili hivi huwa tayari kumwambukiza kuku mwingine atakayeyadonoa. Yana ganda gumu, nayo hudumu katika udongo wenye kivuli au katika matandiko mazito ya banda kwa miezi mingi. Ndiyo sababu kuku wako wa kijijini, wanaoparua uwanja mchana na kulala na wenzao usiku, wanaleta minyoo bandani kila siku bila wewe kuona.

Sasa nije kwenye swali lako. Mnyoo huu hauambukizi binadamu. Mnyoo wa tumbo ambao watoto wetu hunyweshwa dawa yake ni wa jamii nyingine kabisa, na ule wa kuku ukiingia tumboni mwa mtu hauna maisha humo. Mnyoo ndani ya yai nao una maelezo yake: mara chache sana mnyoo hushuka hadi mwisho wa utumbo, mahali ambapo njia ya kinyesi na njia ya mayai hukutana, kisha hupanda katika njia ya mayai, na ganda la yai linapojengwa hufungiwa ndani. Yai la namna hiyo halifai kuuzwa, kwa sababu hakuna mtu anayestahili kuletewa chakula cha namna hiyo mezani, lakini jirani yako hataugua kwa sababu ya mnyoo ule. Mwambie hivyo leo, asiendelee kulala na wasiwasi. Mayai mengine usiyatupe. Yapime kwa mwanga: katika chumba chenye giza shika yai mbele ya tochi yenye mwanga mkali, ulizungushe polepole, na lolote lenye kivuli kirefu kinachotembea ndani liweke kando.

Hata hivyo, mama, nisingependa uishie hapo ukiwa umetulia. Mnyoo huu umewatia hofu kwa sababu mnauona kwa macho, lakini vitu vinavyomdhuru mlaji kutoka kwa kuku havionekani hata kidogo. Nitataja vile ambavyo vinahusu uwanja wa aina yako.

Cha kwanza ni bakteria za salmonela na kampilobakta, ambazo hukaa katika utumbo wa kuku hata akiwa mzima. Hizi si vimelea vya aina ya minyoo, lakini haziko mbali nayo, kwa maana imeonekana katika majaribio kwamba mayai ya Ascaridia yanaweza kubeba salmonela kutoka kuku mmoja hadi mwingine. Tena mtu anayepasua utumbo uliojaa minyoo ili ausafishe anamwaga uchafu wa utumbo huo juu ya mikono, kisu, ubao na pengine juu ya mboga ya lenga-lenga iliyokuwa karibu. Utumbo wa namna ile mliyoiona usisafishwe kabisa. Utolewe mzima, uchomwe au uzikwe shimo refu, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Cha pili ni kimelea kidogo sana kinachoitwa toksoplasma, ambacho Charles Nicolle na Louis Manceaux walikieleza kwa mara ya kwanza huko Tunis mwaka 1908, walipokikuta katika mnyama mdogo anayefanana na panya. Mwenyeji wake wa mwisho, yaani mnyama ambamo hukomaa na kutoa mayai, ni paka. Paka aliyekula panya au nyama mbichi yenye kimelea hicho hutoa mamilioni ya mayai yake katika kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, na mayai hayo hukaa hai katika udongo wenye unyevu hata zaidi ya mwaka. Kuku anayeparua udongo huo huyameza, kisha kimelea hujificha katika moyo, ubongo na misuli yake, ndani ya vifuko visivyoonekana kwa jicho. Kuku mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Kwa hiyo kati ya kuku wako, wale wa kijijini ambao watu wengi huwaona kuwa safi zaidi kwa sababu hawali chakula cha kiwandani, ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba toksoplasma kuliko wale unaowafungia ndani.

Cha tatu ni kriptosporidi. Aina yake moja, inayoitwa Cryptosporidium meleagridis, huwapata bata mzinga na kuku na pia huwapata watu, nayo husababisha kuhara kwa maji mengi. Haiji hasa kwa njia ya nyama, inakuja kwa njia ya kinyesi kilichoingia katika maji. Kama una kisima uani karibu na banda, nalo liko upande wa juu wa mteremko, hilo ni jambo la kuangalia kabla ya mvua kuanza, na ni lazima ujue kwamba klorini ya kawaida ya kutibu maji haiui kimelea hiki. Kuchemsha ndiko kunakoua.

Kuhusu ushauri wa ndugu wa Ruashi, nitasema kwa ufupi. Nyama haioshwi kwa javeli, wala kuku mbichi haoshwi chini ya maji yanayorukaruka, kwa sababu matone hayo hupeleka bakteria hadi kwenye vyombo na mboga. Javeli bandani haiui mayai ya minyoo wala haiui koksidia wanaosababisha kuhara damu. Kinachowaua ni ukavu, joto kali na kuondoa matandiko yote. Metronidazoli nayo ni ya kundi la dawa ambazo Umoja wa Ulaya na Marekani wamekataza kabisa kuwapa wanyama wanaoliwa, kwa kuwa inahofiwa kwamba mabaki yake yanaweza kuchochea saratani kwa watu. Kuku akipewa vidonge hivyo leo, anayekula nyama au yai lake anakunywa dawa hiyo bila kujua na bila kuugua.

Mfugaji wa Ruashi

Nimekusikia, Papa Daktari, na ninakushukuru. Naomba uongeze neno juu ya kuhara damu, kwa sababu kwetu huku ndiko kunakotumalizia vifaranga kila mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, na kuna watu wanaochinja haraka wale wanaoanza kuhara ili wasipate hasara. Nyama hiyo nayo inaliwa?

Daktari wa mifugo, Kampemba

Swali zuri, ndugu. Kuhara damu kwa vifaranga mara nyingi kunatokana na koksidia, hasa ile aina inayoitwa Eimeria tenella ambayo hushambulia mifuko miwili ya mwisho wa utumbo. Mvua za kwetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, hulowesha matandiko, na katika maranda yenye unyevu na joto mayai ya koksidia hukomaa kwa siku moja au mbili tu, ilhali katika matandiko makavu mengi hushindwa kukomaa. Ndiyo maana mfugaji anayeziba paa linalovuja, anayeinua chombo cha maji kifike usawa wa mgongo wa kuku na anayegeuza maranda kila siku hupunguza ugonjwa huu kuliko yule anayenunua dawa kila wiki.

Koksidia wa kuku hawamwambukizi mtu. Kila aina imefungwa kwa mnyama wake. Lakini kuku aliyeanza kuhara damu na kukonda asichinjwe kwa ajili ya kuuzwa. Utumbo wake umechanika, bakteria wamepata njia ya kupita kuingia katika damu na ini, na mara nyingi amekwisha kupewa dawa ambayo bado imo mwilini mwake. Aliyekufa mwenyewe asiliwe kabisa, hata kama alikufa muda mfupi uliopita na hata kama nyama yake inaonekana nzuri. Najua hasara yake, kwani mfuko wa chakula cha kuku hapa Lubumbashi si wa bei ndogo, lakini sitabadili neno hili.

Jambo jingine kwa wote wanaochinja nyumbani: kabla ya kutupa utumbo, utazameni kwa nje. Vinundu vidogo vyeupe kwenye ukuta wa utumbo vinaweza kuwa vya tegu, ambalo kuku hulipata kwa kula sisimizi na mbawakawa, lakini vinaweza pia kuwa vya kifua kikuu cha ndege, na kwa jicho tupu huwezi kutofautisha. Ini lenye madoa ya mviringo, ya manjano, yaliyodidimia katikati, hasa kwa bata mzinga aliyefugwa pamoja na kuku, huonyesha ugonjwa wa histomonasi. Katika hali hizo zote msile wala msiuze, na mnipigie mimi au daktari mwingine aliye karibu nanyi.

Mama mfugaji, Katuba

Papa Daktari, Mungu akubariki. Nimekwenda kwa jirani na kumweleza juu ya mnyoo, naye ametulia. Ila niliposoma habari ya paka nilishtuka upya, kwa sababu tunaye paka wa kufukuza panya ghalani, na kila tukichinja kuku vichwa na matumbo ndivyo anavyopewa yeye. Tena jirani huyo huja kwangu kula kuku wa kuchoma siku za sikukuu. Je, afanye nini? Na sisi tufanye nini na paka?

Mkunga wa kituo cha afya, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Dada yangu, nitajibu upande wa mama mjamzito, kwa kuwa ndio kazi yangu ya kila siku.

Watu wengi hupata toksoplasma bila kujua: homa ndogo, tezi za shingo kuvimba kidogo, kisha inapita, na mwili unabaki na kinga. Mwanamke aliyekwisha kuipata kabla ya kubeba mimba kwa kawaida haogopewi. Hatari iko kwa yule anayeipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kwa sababu kimelea kinaweza kupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Uambukizo ukitokea katika miezi ya kwanza humfikia mtoto mara chache zaidi, lakini ukimfikia madhara yake ni mazito: mimba kutoka, kichwa kujaa maji, macho kuharibika. Ukitokea katika miezi ya mwisho humfikia mtoto mara nyingi zaidi, naye anaweza kuzaliwa akionekana mzima, kisha matatizo ya macho yakajitokeza baada ya miaka.

Jirani yako aende kwenye CPN yake, yaani kliniki ya wajawazito, na aeleze wazi kwamba anakula kuku wa kijijini na kwamba kuna paka katika nyumba anayozoea kwenda. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama amewahi kuipata zamani, kama ameipata hivi karibuni, au kama hajaipata kamwe. Asipopata kipimo hicho, ajichukulie kuwa ni yule ambaye hajaipata kamwe na ajilinde hivyo: asishike nyama mbichi kwa mikono yenye michubuko, asionje mchuzi ambao nyama yake haijaiva, aoshe mboga za majani jani kwa jani kwa maji mengi, avae glavu au aoshe mikono vizuri akitoka kulima bustani, na asichukue kinyesi cha paka. Mayai yaliyoiva hadi kiini kigumu aendelee kuyala, kwani ana mahitaji makubwa ya protini wakati huu na ni chakula ambacho uwezo wa familia nyingi unakifikia. Nimewaona akina mama walioacha nyama, mayai na samaki kwa sababu ya hofu, wakaja kujifungua wakiwa na upungufu mkubwa wa damu. Hilo nalo ni hatari, na si ndogo.

Niwataje pia ndugu zetu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kwao toksoplasma iliyolala mwilini kwa miaka inaweza kuamka na kushambulia ubongo kinga ikishuka sana, na kriptosporidi huwaletea kuhara kusikokoma. Wale waliopewa kotrimoksazoli wasiiache bila ruhusa, kwa sababu inawakinga pia dhidi ya toksoplasma.

Kuhusu paka, si lazima umfukuze, dada. Acha kumpa vichwa na matumbo mabichi kuanzia leo, kwa maana hapo ndipo mzunguko wote unapofungwa: kuku anampa paka, paka anaupa udongo, udongo unampa kuku. Mpe vilivyochemshwa. Chakula cha kuku kifunikwe, mchanga ambamo paka huchimba uwekewe wavu au ubao, na kinyesi chake kizikwe kila siku na mtu ambaye si mjamzito, kwa kuwa mayai ya kimelea yakitoka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu.

Mchoma kuku, soko la Kenya

Nawasalimu. Mimi huchoma kuku jioni, na ningependa kuuliza na pia kueleza. Kila mtu anasema nyama iive, lakini kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, mambo si rahisi hivyo. Makaa yakiwaka sana ngozi inakuwa nyeusi na kupendeza kwa haraka, mteja anasimama pale akisema ana njaa, na ukikata paja kwenye kiungo unakuta pembeni ya mfupa bado ni pinki na kuna maji mekundu. Kuku wa kijijini ndiye mgumu zaidi, maana mapaja yake ni mazito na nyama yake imeshikana.

Ninachofanya ni kuchemsha kwanza, vipande vikiwa vimekatwa kwenye viungo, sufuria ikiwa imefunikwa, pamoja na tangawizi, vitunguu saumu na chumvi, hadi nyama ianze kuachana na mfupa. Ndipo naipeleka kwenye mbabula kwa ajili ya rangi na harufu tu. Wateja wengine walilalamika mwanzoni kwamba si kuku wa kuchoma halisi, lakini sasa wananifuata kwa sababu nyama yangu ni laini. Ninayo pia koleo mbili, moja ya kugusia mbichi na moja ya iliyoiva, nazo sizichanganyi. Swali langu: hiyo inatosha kuua hao vimelea mnaowataja? Na kuku wa kugandishwa wanaoletwa katika masanduku, wao wana hatari ileile?

Daktari wa mifugo, Kampemba

Inatosha, ndugu yangu, na ningetamani wachomaji wote wa mji huu wafanye kama wewe. Vifuko vya toksoplasma hufa nyama ikifikia nyuzi 67 za Selsiasi hadi ndani kabisa, na Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifikie angalau nyuzi 70 katikati yake, kiwango ambacho huua pia salmonela na kampilobakta. Nyama iliyochemka katika sufuria iliyofunikwa hadi ikaanza kuachana na mfupa imepita hapo. Asiye na kipimajoto aangalie paja kwenye kiungo: maji yanayotoka yawe meupe, na nyama iliyoshikana na mfupa isiwe na wekundu.

Kugandisha nyama kwa nyuzi 12 chini ya sifuri kwa siku kadhaa huua toksoplasma nyingi, kwa hiyo kwa upande huo kuku wa sandukuni ana nafuu, lakini bakteria hawafi kwa baridi. Hulala tu na kuamka nyama ikiyeyuka. Kwa friji zetu za nyumbani, zinazozimika kila umeme unapokatika, msihesabu kugandisha kuwa ni njia ya kuua kimelea chochote. Tegemeeni moto.

Sasa, mama wa Katuba, nirudi kwenye ule unga wako, kwa sababu hilo ndilo lililobaki na ndilo linalonisumbua zaidi. Usiutumie. Dawa isiyo na jina haina kipimo, haina tarehe ya mwisho, na haina muda wa kusubiri, yaani idadi ya siku ambazo nyama na mayai havipaswi kuliwa baada ya dozi ya mwisho. Muda huo hutofautiana sana. Kwa mfano, dawa za minyoo za flubendazoli na fenbendazoli huko Ulaya zimeruhusiwa kwa kuku wanaotaga bila kutupa mayai, mradi kipimo kifuatwe. Toltrazurili inayotibu koksidia, kinyume chake, kwa muda mrefu haikuruhusiwa huko kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa na watu, na dawa za salfa nazo hubaki katika yai baada ya matibabu kwisha. Piperazini, dawa nyingine ya minyoo, hutoa Ascaridia waliokomaa lakini haiwagusi sana wachanga walio katika ukuta wa utumbo, kwa hiyo bila kurudia dozi baada ya wiki chache utadhani dawa ni bandia. Huwezi kujua lolote kati ya hayo kutoka katika kifuko kisicho na maandishi.

Na si dawa za kunywa peke yake. Mwaka 1999 na 2017 vyombo vya habari vya Ulaya vilijaa habari za sumu katika chakula cha kuku na katika mayai. Ile ya 2017 inatuhusu moja kwa moja, kwa sababu ilianza na kimelea. Mabanda nchini Uholanzi na Ubelgiji yalipuliziwa dawa ya kuua utitiri mwekundu wa kuku, na ndani ya dawa hiyo mlikuwa na fipronili, ambayo sheria za Ulaya haziruhusu kwa wanyama wanaoliwa. Ilipita katika mwili wa kuku hadi ndani ya mayai, na mamilioni ya mayai yakaondolewa madukani katika nchi nyingi. Nawaona wafugaji hapa wakinyunyiza kwenye vitulio vya kuku dawa ile ile wanayonyunyiza kwenye nyanya au kabichi. Utitiri hukaa mchana katika nyufa za mbao na hutoka usiku kunyonya damu. Tumieni maji yanayochemka kwenye nyufa hizo, chokaa na majivu makavu, badilisheni vitulio vilivyooza, na mkihitaji dawa iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya kuku wa mayai.

Kwa banda lako, mama, nashauri hivi. Watenge leo kuku wa kijijini walale mahali pao. Toa matandiko yote, yarundike mbali na kisima na uyafunike ili yapate joto lenyewe, na uyaache miezi kadhaa kabla ya kuyapeleka bustanini, tena yasiwekwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Asubuhi na mapema kusanya kinyesi kibichi kutoka sehemu mbalimbali za banda, kiasi cha kijiko kutoka kila sehemu, kitie katika chombo safi kinachofungwa vizuri, uandike siku na umri wa kuku, na ukilete siku hiyohiyo. Hapa mjini tuna bahati ya kuwa na kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kipimo chenyewe si kigumu: kinyesi huchanganywa na maji yenye chumvi nyingi, mayai ya minyoo na ya koksidia huelea juu, nasi tunayahesabu kwa darubini. Tukishajua ni minyoo gani na ni mingi kiasi gani, ndipo nitakuandikia dawa kwa jina na kwa uzito wa kuku wako, pamoja na siku za kusubiri.

Mama mfugaji, Katuba

Nimeelewa, Papa Daktari. Unga nitakuletea pamoja na kinyesi ili uuone, nisiutupe mahali ambapo kuku au watoto watauokota. Kuku wa kijijini tumekwisha kuwahamishia upande wa pili wa uwanja, na jirani ana siku yake ya CPN wiki ijayo; nitamsindikiza. Nina swali moja la mwisho: kisima chetu kiko hatua chache tu chini ya banda. Nihamishe banda, au kuchemsha maji kunatosha?

Daktari wa mifugo, Kampemba

Maji ya kunywa yachemshwe kuanzia leo hadi yatokote kabisa, na vilevile yale ya kuoshea mboga zinazoliwa mbichi. Lakini banda nalo lihamishwe, mama, upande wa chini wa mteremko na mbali na kisima kadiri uwanja utakavyoruhusu, kabla ya mwezi wa Novemba. Mahali pa zamani ondoa tabaka la juu la udongo, uweke chokaa, na uchimbe mtaro mdogo wa kuelekeza maji ya mvua yasipite hapo kuelekea kisimani. Ukuta wa juu wa kisima uinuliwe na uwekewe kifuniko. Nikija kukuletea majibu ya kipimo tutapaangalia pamoja.